Faili Iliyokufungulia Barabara ya Kigali

Mutoto wangu Esperansi,

Nina miaka sabini na moja. Nimeishi kuliko pesa ya Zaïre, ile ya zamani na ile mupya iliyoifuata, na zote mbili nimezimaliza kwa kuwashia makaa. Nimeishi kuliko kiwanda cha chai nilichofanyia kazi ngʼambo, upande wa Bukavu, kuliko bapatro wake wote, wale wakubwa wa kazi, kuliko munganga aliyesema roho yangu haitafika Noeli. Nilivuka muto Rusizi mutoto wa mugongoni, wazazi wakitafuta kazi Kongo, nikarudi na mvi na batoto nyuma yangu, wewe ukiwa wa mwisho. Vita ya kwanza ya ngʼambo ilinikuta nimesimama, ya pili ikanikuta nimesimama, na hii amani ambayo haijakauka vizuri itanikuta nimesimama vilevile. Hata meno ninayo mengi kuliko Papa Safari wa nyumba ya pili, na yeye ni mutoto kwangu.

Naandika mwenyewe. Mama yako alitaka mwanafunzi wa jirani aniandikie, nikakataa. Shule niliiacha mapema, lakini mukono uliofungua motere ya dizeli hauwezi kushindwa na kalamu. Herufi zikilala upande, zisome vile zimelala.

Mambo ya kula, ya baridi ya Kigali, ya muntu wa kumuachia sanduku kwa bisi, mama yako ameyasema juma zima na kesho atayarudilia mpaka bisi iwake. Mimi nataka kukuambia namna gani ulipata kuondoka. Siku zile nilikuwa napiga kelele sana, na pengine haukusikia kilichokuwa chini ya kelele.

Unakumbuka ulivyoanza kwa Mama Zuhura. Depo yake pale Kamembe ilikuwa fujo. Malori yanashusha simenti kutoka Muganza, bamama babebaji wanapanga mustari, kila mumoja anataka karatasi ya kutoka ili avuke na mufuko wake kwenda Bukavu. Wewe na Déo, muliyesoma naye, mukaleta ordinatere, ile kompyuta, na programu yenu. Mubebaji anataja jina, mashine inachapa karatasi: mufuko mumoja, daraja fulani, urudi kabla ya saa fulani. Mimi magazinye wa depo, muntu wa kuhesabu mifuko tangu nirudi nchini, nilisimama kando nikasema, "Huyo ni damu yangu." Nililisema kwa kila dereva. Wengine nililisema mara mbili.

Lakini saa ya kufunga daraja ilikuwa ndani ya programu yenyewe. Ndani kabisa, sawa mufupa. Na wewe unajua mupaka wetu. Leo daraja la Rusizi ya Kwanza linafungwa saa kumi na mbili, kesho baaskari wa ngʼambo wamegombana, inafungwa saa tisa. Rusizi ya Pili inafunguliwa juma moja, inafungwa mwezi. Kila mara ilikuwa, "Muite Espe!" Walikutoa kanisani katikati ya mahubiri. Walikutoa kwa harusi ya binamu yako, ukapanda pikipiki na nguo ya harusi, matope mpaka magotini. Unafungua code, unabadilisha saa, unapika upya programu nzima, unairudisha kwa mashine, na bamama wanangoja inje na mizigo.

Sasa nikuambie. Mimi nilikuwa nafurahi.

Mulinieleza vizuri, wewe na Déo, na nilielewa upesi kuliko Mama Zuhura. Mulisema programu yenu haikuanzia kwa kiwanja kitupu. Kuna kiunzi, nguzo na paa ambavyo bantu wengine wa mbali walikwisha simamisha, na ninyi munapachika kazi yenu ndani. Kiunzi kiko na maswali yake: mashine gani inachapa, daraja gani liko wazi, linafungwa saa ngapi. Majibu unaweza kuyaandika ndani ya code, kwa lugha ya programu, na kila jibu likibadilika ni lazima mujuzi aje. Ao unayaandika inje, kwa faili ndogo ya mistari ya kawaida, programu ikiamka asubuhi inaisoma. Hapo yeyote anayejua kusoma anaweza kubadilisha jibu.

Nilipoelewa tu nikachagua code. Nilikuwa na sababu yangu, na sababu yenyewe ilikuwa inalala chumba cha nyuma cha nyumba hii.

Ngoja kwanza nikupeleke kwa kile kiwanda cha chai. Nilikuwa kijana, mekanisie, fundi wa motere kubwa iliyozungusha mitambo yote ya kukausha majani. Motere ile ilikuwa na sukurubu ya kupima mwendo wake. Wengine walikuwa wanaigusa, motere inakohoa, na lawama zinakuja kwangu. Siku moja nikachukua sudure ya kuunganisha chuma, nikaifunga ile sukurubu kwa moto, isizunguke tena. Nikaipa mwendo wangu mimi. Kama majani ni mabichi sana na mwendo unatakiwa kupungua, ni mimi tu nilijua kukata, kupima na kufunga tena. Patro alicheka, akaniita Mzee Motere nikiwa bado bila ndevu. Mushahara ukapanda. Hakuna sherehe niliyoingia bila kusimulia ile sudure.

Kisha babu yako akagonjwa kule Uvira. Ujumbe ulikuja na dereva: aje upesi. Ilikuwa wakati wa mavuno na mvua. Patro akaniambia, "Motere, ukienda leo na majani yakiwa maji hivi, nani atapunguza mwendo?" Nikatazama wale vijana wangu. Hakuna hata mumoja aliyejua, juu sikumufundisha hata mumoja. Nikabaki mpaka majani yaishe. Nilipofika Uvira udongo ulikuwa umekwisha kauka juu ya baba yangu.

Na bado nikaendelea kusimulia ile sudure kwa sherehe! Mwaka baada ya mwaka. Watu wanapiga makofi, mimi nainama. Sikuwahi kuunganisha hayo mambo mawili mpaka nilipokuona wewe na nguo ya harusi yenye matope.

Basi Kigali wakakuita. Kazi ya kweli, kuandika programu pamoja na bantu waliosoma kama wewe. Ulikwenda kwa Mama Zuhura kuaga, na mimi nilikuwa nyuma ya mifuko nikisikiliza.

"Mwanangu, nakuombea kheri," alisema, "lakini ukienda, nani atafungua hiyo mashine mupaka ukibadilika? Mzee huyu?"

"Déo yuko, Maman."

"Déo kila siku ya ijumaa yuko Butare kwa muchumba wake. Haya, niambie. Daraja lifungwe ijumaa, bamama zangu walale Bukavu kati ya bunduki? Niachie kitu kinachokwenda bila wewe, ndipo nitakupa baraka. Bila hiyo, hapana."

Baraka yake ulikuwa unaihitaji, juu yeye njo alikulipia masomo ya mwisho. Na mimi pale nyuma nikajisemea: imekwisha, Espe anabaki.

Ukarudi ukamwambia Déo mutoe majibu yote mukaweke kwa faili. Mukagombana mbele ya mulango wangu.

"Code inapopikwa, kosa linaonekana pale pale," Déo alisema. "Ukiandika upuuzi, inakataa. Faili inapokea kila kitu, hata utani. Utampa nani? Kila muntu atatia kidole."

"Ao kila muntu angoje kidole changu mimi?"

"Angoje. Heri kungoja."

Nikatoka na kiti changu. Nikasema Déo ana haki. Nikasema kitu kilichofungwa vizuri hakichezewi, nikaleta motere yangu, sudure yangu, patro wangu, yote. Déo alifurahi kupata muzee upande wake, maskini. Ulinitazama ukasema tu, "Papa, wewe tangu lini unajali code?" Ukaingia ndani.

Mama yako, aliyekuwa anasafisha sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa, hakuinua hata kichwa. Akasema, "Wee mzee, unataka mutoto abaki. Sema hivyo, usimusingizie mashine."

Nilikasirika siku nyingi. Nilikula bila kusema asante. Lakini wewe uliendelea, ukaandika faili, halafu ukafanya jambo ambalo sikulingojea. Ukaniita mimi niwe muntu wa kuitunza.

"Papa, wewe uko depo kila siku. Unajua mupaka kuliko sisi. Unajua kusoma namba na majina ya madaraja. Nitakufundisha."

Nilikubali, na nitakuambia kwa nini. Nilikubali nikitumaini itaharibika.

Lakini nilijifunza vizuri. Klavye, vile vitufe vya kupigia herufi, ilinipa taabu siku chache tu. Siku moja mbili niliweka saa mupya, karatasi zikatoka na saa mupya, nikatembea kati ya mifuko sawa gavana. Nikaanza kupenda. Na nilipopenda njo nikaharibu kweli, bila kutaka. Kulikuwa mustari unaosema Rusizi ya Pili imefungwa. Nikautazama. Nikajiuliza: kitu kimefungwa tangu mwezi jana, kinaandikiwa nini? Nikaufuta ili faili iwe safi.

Programu haikupiga kelele. Ilipokosa ule mustari ikachukua jibu ambalo kiunzi kilizaliwa nalo: daraja liko wazi. Asubuhi ile nusu ya bamama wakapata karatasi ya Rusizi ya Pili. Wakashuka na simenti kichwani, wakakuta kizuizi, na mvua ikawakuta hapo. Walirudi na mifuko iliyoanza kuwa mawe. Mama Sesilia, mukubwa wa babebaji, alitua mufuko wake mbele ya miguu yangu, puu!

"Mzee Motere, chukua. Jenga kaburi lako, simenti imekwisha changanywa."

"Mashine njo ilikosea."

"Mashine iko na vidole? Onyesha vidole vyake!"

Wote walicheka, hata walioloa mpaka mifupa. Déo akaja, akasoma faili, akasema polepole, "Si nilisema?" Na mimi, na aibu yote ile, ndani yangu muntu mumoja mudogo alikuwa anacheza ngoma. Nilijua sasa utarudisha kila kitu ndani ya code. Na utabaki.

Wewe ulikaa juu ya mufuko mugumu, ukafikiri. Haukunigombeza. Ukasema, "Kosa ni langu. Niliacha programu inyamaze pale ilipokosa jibu. Ilipaswa kukataa kuamka." Siku iliyofuata ukaweka ndani ya code kwamba, kabla ya kuchapa hata karatasi moja, programu isome faili yote. Mustari ukikosekana, ao saa isiyo saa, inakataa, na inasema kwa Kiswahili cha hapa kwetu mustari gani umekosa na inataka nini. Ukafanya pia faili ya jana ihifadhiwe kando, ili muntu akiharibu aweze kuirudia. Déo mwenyewe alikusaidia kuandika yale makatazo. Nilimwona anafurahi, juu kile alichokipenda kwa code kiliingia, na wewe haukupoteza faili yako.

Halafu ukasukuma klavye mbele yangu. "Papa, endelea."

Hapo nilikosa pa kushika, mutoto wangu. Vijana wangu wa kiwanda sikuwahi kuwasukumia kitu namna ile, hata kabla hawajakosea. Wewe ulinisukumia mimi baada ya kukosea mbele ya watu wote.

Kuna jambo lingine nalibeba na majivuno, na nalitaka ulibebe Kigali. Mama Zuhura alipoona faili inavyobadilika kirahisi, akataka zaidi. Alikuja na kitenge chake kizuri, akakuita pembeni.

"Espe, na ule muzigo wa mubebaji, mufuko mumoja kila safari. Utie kwa faili pia. Siku ya haraka nitapandisha miwili, jioni nashusha."

"Hapana, Maman. Huo uko ndani ya code."

"Saa iko inje, daraja liko inje, muzigo unabaki ndani kwa nini? Ni namba tu."

"Saa inabadilika kwa sababu mupaka umebadilika. Mugongo wa Mama Sesilia haubadiliki siku ya haraka. Akitaka kubadilisha huo, muntu anipigie simu, anieleze, asikie aibu kidogo."

Mama Zuhura akacheka, akakugonga begani. "Wewe ni mugumu kama baba yako."

Sijawahi kusifiwa vile, na sikuwa hata muzungumzaji. Nilipata pale kitu ambacho sudure yangu haikunionyesha. Nilifikiri muntu anachagua moja: kufunga yote ao kufungua yote. Wewe ulikuwa unauliza swali lingine kwa kila namba: nani anaishi na jibu hili, na nani ataumia likibadilishwa na muntu mwenye haraka? Mwendo wa motere wangu ulikuwa wa vijana waliokuwa wanashika majani mikononi kila siku. Ule ningewaachia. Mulango wa muvuke wa moto, ule ningeufunga kwa sudure mpaka leo, na nisingeona haya. Mimi nilifunga kila kitu, juu kila kitu kilikuwa jina langu.

Kigali utakuta bantu wanagombana juu ya hayo kama bantu wa makanisa mawili. Wamoja watasema yote kwa code, ili makosa yaonekane. Wengine watasema yote kwa faili, mpaka faili yenyewe iwe ndefu na ya kuchanganya kuliko programu, hakuna anayejua mustari gani unamuamuru mwenzake. Wewe uko na kichwa, na kichwa hicho kimetoka upande wangu. Sikiliza wote. Lakini kabla ya kujibu tazama nani atabaki na mashine hiyo wewe ukiwa umelala, ao uko kwa harusi, ao baba yako anakuita Uvira.

Nimalize na juma lililopita, juu hapo njo kila kitu kiliamuliwa.

Habari ilikuja saa saba ya muchana, bamama wa kwanza walirudi mbio. Milio ya bunduki imesikika upande wa Bukavu, Rusizi ya Kwanza inafungwa saa nane na nusu. Ndani ya depo mustari mzima unangoja karatasi, na karatasi zinasema saa kumi na mbili. Anayetoka na ile saa analala ngʼambo. Mama Zuhura akakutazama wewe. Wewe ukakaa juu ya mufuko, ukaweka mikono chini ya mapaja. Niliiona mikono ile. Ilikuwa inataka kuruka.

Nikakaa mbele ya ekra, kile kioo cha mashine. Nikaandika saa. Nikawasha upya. Ikakataa!

"Mzee, haraka!" Mama Sesilia aliita kutoka mulangoni.

"Usiniharakishe, wewe mama, mashine inazungumza na mimi!"

Nikasoma ilichosema. Ilisema saa ya kurudi ya babebaji iko baada ya saa ya kufunga daraja, nirekebishe mustari wa tano. Kweli, nilibadilisha mumoja nikasahau ndugu yake. Nikarekebisha. Ikaamka. Karatasi ya kwanza ikatoka na saa nane, na waliokuwa hawawezi kwenda na kurudi kwa muda huo mashine ikawakatalia, wakabaki. Kabla kizuizi hakijashuka Mama Sesilia alihesabu bamama zake upande wetu, wote, akaja kupiga meza yangu kwa kofi.

Mama Zuhura alikugeukia wewe. "Haya, mwanangu. Nenda. Mungu akufungulie."

Basi nenda. Kwanza usirudi kwa ajili ya depo. Mimi na Déo tutaitazama, na yeye nimeanza kumufundisha mupaka, maana anajua code na hajui baaskari. Rudi siku utakayosikia njaa ya sambaza. Vita za hapa nimeziona zikija, na nimeziona pia zikichoka. Bamama wanavuka. Malori yanatoka Muganza. Mutoto wangu anakwenda kujenga viunzi ambavyo wengine watapachika kazi zao ndani. Sikufikiri nitaishi kuona hilo, na niliishi, kama nilivyozoea.

Ukifikiri naongeza chumvi, bashahidi wako hapa. Déo atakuambia ile programu ilikataa mara moja tu, si mara mbili kama anavyosimulia Papa Safari, ambaye hakuwako. Mama Zuhura atakuambia sikuuliza muntu nilipousoma mustari wa tano. Na kuhusu dakika chache zilizofuata, Mama Zuhura alipokwisha kukubariki, muulize Mama Sesilia, ye njo alinikuta nyuma ya depo. Aliniuliza kama simenti imeniingia machoni. Nilimwambia ndiyo, imeingia. Muulize kama siku ile kuna lori lolote lilikuwa limeshusha simenti.

Baba yako